Tulipotembelea nyumba ya Mazembe



Mukipita Goma saa ya mangaribi, katika kata ya Virunga, Mapendo, Majengo ao Ndosho, mutakuta watoto wanacheza mupira juu ya mawe meusi ya volkeno. Mawe mengine ni ya kale. Mengine yalishuka kutoka Nyiragongo siku ya 17 januari 2002, yakiwa moto, yakapita katikati ya muji mpaka yakaingia ziwani Kivu. Mutoto akianguka pale, goti linatoka damu. Anapangusa, anarudi kucheza.

Mumuulize ekipe yake ni gani. Atataja DC Virunga, AS Kabasha ao Dauphins Noirs, ekipe za hapa kwetu. Mumuulize tena: «Na ekipe kubwa ya Congo?» Wengi watajibu pasipo kungoja: «Mazembe!» Wengine watasema Vita Club, na pale mabishano yanaanza.

Katika parokia zetu, toka Goma mpaka Rubaya na Walikale, tunaona vijana wanaacha masomo juu ya mambo mawili. Wa kwanza wanaenda kuchimba koltani na kasiterite. Wa pili wanasema: «Mimi nitakuwa muchezaji mukubwa, masomo itanisaidia nini?» Wazazi wanakasirika, vijana wananyamaza, na mazungumuzo inaishia pale. Kwa sababu hiyo, katika mwezi wa julai 2024, mimi na vijana wawili wa parokia tulifanya safari ya Lubumbashi kuangalia nyumba ya Mazembe kwa macho yetu. Kijana mumoja ni mutoto wa muchimbaji wa Rubaya. Tulibeba ulizo moja tu: ni kitu gani kinasimamisha ekipe kwa miaka zaidi ya 80? Ni franga? Ni makombe? Ao ni kitu kingine?

KUTOKA MAWE MEUSI MPAKA UDONGO MWEKUNDU

Kati ya Goma na Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1,000, hata mutu akipima na kamba iliyonyooka. Wakati ule uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa ungali wazi; ulifungwa na vita katika januari 2025. Tulitoka kwenye mawe meusi tukashuka kwenye udongo mwekundu. Na baridi! Watu wa Goma tunafikiri sisi njo tunajua baridi juu ya milima yetu. Lakini asubuhi ya julai kule Katanga inakuvalisha koti pasipo kukuuliza.

Lubumbashi ilianzishwa katika mwaka 1910 juu ya shaba. Hata leo ukiingia mujini unaona kwanza bomba refu la moshi la Gécamines, na kando yake kilima cheusi cha takataka za shaba iliyoyeyushwa. Kijana wetu wa Rubaya aliangalia kilima kile, akasema: «Kumbe na hapa kuko mawe meusi!» Ndiyo. Lakini ya Goma ilitengenezwa na mulima, na ya Lubumbashi ilitengenezwa na mikono ya watu.

Kampani ya shaba, Union Minière, ilitafuta wafanyakazi mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Rwanda na Burundi. Watu wa makabila mengi waliwekwa pamoja katika kambi. Walihitaji luga moja ya kusikilizana, na Kiswahili kikawa luga hiyo. Walihitaji pia kitu cha kufanya siku ya pumuziko. Mupira ukawa kitu hicho.

EKIPE ILIYOZALIWA SHULENI

Wengi wanafikiri Mazembe ilizaliwa na matajiri. Hapana. Ilizaliwa shuleni. Katika mwaka 1939, mapadri Wabenedikto waliosimamia shule ya Saint-Boniface, mu muji ambao wakati ule uliitwa Elisabethville, walitafuta namna ya kuwachezesha wanafunzi wao ambao hawakujitayarisha kuwa mapadri. Walianzisha kundi la skauti, na ndani ya kundi lile ekipe ya mupira. Ekipe ilipewa jina la musimamizi wa skauti, Mutakatifu Georges. Nyuma yake ikaitwa Saint-Paul. Katika mwaka 1944 watu wa inje waliingia ndani yake, wamisionari wakaacha usimamizi, na ekipe ikapokea jina la kampani iliyoisaidia: Englebert, wafanyaji wa pine za motokari kutoka Ubelgiji. Hivi jina la mutakatifu liliachia jina la pine nafasi yake! Jina la Mazembe lilikuja nyuma, katika miaka ya Zaïre, wakati majina ya kigeni yaliondolewa.

Katika mwaka uleule wa 1939 ilizaliwa pia ekipe ingine kubwa ya muji, Saint-Éloi Lupopo, ekipe ya watu wa gari la moshi. Mutakatifu Éloi ni musimamizi wa wafundi wa chuma. Toka wakati ule mpaka leo, siku Mazembe na Lupopo wanakutana, Lubumbashi inagawanyika: baba huku, mama kule, na watoto katikati.

Tulimukuta muzee mumoja wa Kamalondo, mutumishi wa zamani wa Gécamines, ameketi mbele ya mulango wake akiota jua. Tulimusalimia kwa heshima: «Jambo, baba.» Akatuuliza tumetoka wapi. Aliposikia Goma, aliita mujukuu wake alete viti.

«Bana yangu,» akasema, «banakuya bengi kuuliza juu ya makombe. Makombe ni vyuma. Muulize bantu. Siye tulikuwaka tunaenda ku mupira na miguu, na nguo ya misa, juu hatukukuwa na ingine. Kama huna nguo safi, papa anakurudisha ku nyumba. Ku mupira ilikuwa sawa vile ku kanisa: unafika saa, unaketi, unasikia.»

Tuliandika neno lile katika kitabu chetu: unafika saa.

MIAKA YA UTUKUFU

Inchi ilipopata uhuru, tarehe 30 juni 1960, ekipe ilijipanga upya. Katika mwaka 1966 ilikamata kombe la inchi, ubingwa wa inchi na kombe la Katanga, yote matatu. Juu ya msimu ambao haikushindwa, ilijiongezea jina la «Tout Puissant», maana yake Wenye Nguvu Zote. Kutoka pale tunasema TP.

Mwaka 1967 ilifika kwenye finali ya kombe la mabingwa wa Afrika na Asante Kotoko wa Ghana. Mchezo wa kwanza kule Kumasi, 1 kwa 1. Wa pili Kinshasa, 2 kwa 2. Iliamuliwa kwamba watacheza mara ya tatu, Yaoundé, inchi ya Cameroun. Englebert ilifika. Kotoko haikuonekana. Kombe likaenda Lubumbashi. Wandugu, mara ingine ushindi mukubwa ni kufika tu pahali ulisema utafika!

Mwaka 1968 ilishinda tena, mbele ya Étoile Filante ya Lomé, inchi ya Togo: 5 kwa 0 nyumbani, kiisha ikapigwa 4 kwa 1 kule Lomé, lakini hesabu ya pamoja ilibaki yake, 6 kwa 4. Ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kukamata kombe lile miaka miwili mufululizo. Hakuna ingine iliyofanya vile mpaka Enyimba ya Nigeria, katika 2003 na 2004. Mu 1969 na 1970 ilifika tena kwenye finali, lakini ilishindwa: kwanza na Ismaily wa Misri, kiisha na Kotoko walewale. Finali ine kwa miaka ine!

MIAKA YA NJAA

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo watoto hawaimbi. Nyuma ya 1968, Mazembe ilikaa miaka 41 pasipo kuwa bingwa wa Afrika. Katikati ilipata kombe moja la Afrika, lile la washindi wa makombe, mwaka 1980. Ubingwa wa inchi iliupata mwaka 1976, tena 1987. Kiisha, kimya. Kutoka 1987 mpaka 2000 hakuna ubingwa hata mumoja.

Nini ilipita katika miaka hiyo? Muulize mutu yeyote wa Katanga mwenye mvi. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 chimbo kubwa la Kamoto, karibu na Kolwezi, lilibomoka. Mwaka 1994 shaba yote ya kampani ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikatika. Hospitali na shule za kampani zikadhoofika. Mu 1992 na 1993 majirani waliokuwa wameishi pamoja katika kambi wakageuziana migongo, na familia nyingi zenye asili ya Kasai zikafukuzwa, zikalala kwenye stesheni za gari la moshi na watoto wao. Mu 2003 wafanyakazi karibu 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mupango ulioitwa «kuondoka kwa hiari».

Muzee wetu alikuwa mumoja wao. Alisema: «Hiari? Ile hiari sikuionaka na macho.» Akanyamaza kidogo. Kijana wa Rubaya akamuuliza: «Baba, na mupira? Muliendelea kupenda mupira pasipo mushahara?» Muzee akacheka. «Mwana, mutu wa njaa anapenda mupira kupita mutu wa kushiba. Lakini ekipe nayo inakula. Kama nyumba inaanguka, kombe utaliweka wapi?»

Neno lile lilitufungua macho. Wachezaji wazuri hawakukosa katika miaka ile. Katanga haijakosa kamwe watoto wa mupira. Iliyokosa ni nyumba: mushahara unaofika kwa tarehe yake, viatu, dawa, safari, mwalimu asiyebadilishwa kila mwezi. Makombe hayajengi nyumba. Nyumba njo inaleta makombe.

KIWANJA CHA KAMALONDO

Kamalondo ni kata ya kwanza ya Waafrika mu Lubumbashi, na njia zake zimenyooka sawa mistari ya daftari. Pale katikati ya nyumba za watu, si mbali katika pori, ndiyo pamejengwa kiwanja cha TP Mazembe. Kilifunguliwa mwaka 2011. Kinapokea watu kama 18,000. Rangi ni mbili tu, nyeusi na nyeupe, rangi za kunguru, kwa maana wachezaji wanaitwa Kunguru. Katika alama ya ekipe muko mamba mwenye mupira mudomoni.

Mbele ya 2011 Mazembe ilikuwa inachezea kwenye kiwanja kikubwa cha serikali katika kata ya Kenya. Usichanganye na inchi ya Kenya. Ni kata ya Lubumbashi. Kiwanja kile kinaitwa leo Kibassa Maliba. Pale njo njaa ilimalizika. Mwaka 2009 Mazembe ilipigwa 2 kwa 1 na Heartland kule Nigeria, kiisha ikashinda 1 kwa 0 nyumbani. Hesabu ilikuwa sawa, lakini goli lake la ugenini likaipa kombe. Mwaka 2010 ikapiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0, na kule Tunis 1 kwa 1. Miaka miwili mufululizo tena, kama wababa wa 1967 na 1968.

Kiisha desemba 2010, Abu Dhabi, kombe la dunia la klabu. Mazembe ilishinda Pachuca wa Mexico 1 kwa 0. Tarehe 14 ikashinda Internacional ya Brazil 2 kwa 0. Mulinzi wa goli, Robert Kidiaba, aliketi chini akarukaruka na matako kwenye majani, na dunia nzima ikacheka naye. Kwa mara ya kwanza ekipe isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ilifika kwenye finali ile. Inter ya Milano iliishinda 3 kwa 0 tarehe 18, lakini jina lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Mwaka 2015 ikawa bingwa wa Afrika mara ya tano, mbele ya USM Alger. Mufungaji mukubwa wa safari ile alikuwa Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania, musemaji wa Kiswahili kama sisi. Mu 2016 na 2017 ikakamata kombe la shirikisho la Afrika mara mbili.

Siku tuliyofika hapakuwa mchezo. Mulinzi alituacha tuingie tuangalie. Kiwanja kitupu kina ukimya wake, sawa kanisa siku ya kazi. Kijana wetu aliinama, akagusa majani ya plastiki na kiganja, akasema polepole: «Hapa goti halitoke damu.» Kiisha akamuuliza mulinzi ulizo ambalo hatukulitayarisha: «Nani anafagia hapa?»

Mulinzi akajibu: «Tunafagia kila siku. Hata kama hakuna mchezo.»

Watu wanaopata bahati ya kufika Barcelona, Hispania, wanalipa franga waingie katika makumbusho ya klabu yao, iliyofunguliwa mwaka 1984. Wanaona makombe, viatu vya zamani na picha, wanarudi nyumbani wakishangaa. Ni kitu kizuri. Lakini mimi ninasema, ukimusikiliza muzee mumoja wa Kamalondo na mulinzi mumoja mwenye fagio, umekwisha kutembelea makumbusho.

SHERIA HAIANGALII JINA

Vijana wapendwa, musifikiri nyumba hii haina nyufa. Mwaka 2010, katika mashindano kule Kigali, karibu kabisa na sisi, mushambuliaji mukubwa wa Mazembe, Trésor Mputu, aligombana na mwamuzi. FIFA ikamukataza kucheza miezi 12. Mwaka mumoja mbele yake, 2009, alikuwa amechaguliwa muchezaji bora kati ya wote wanaochezea ndani ya Afrika. Wenzake walipoenda Abu Dhabi, yeye alibaki. Finali ya dunia ilipita pasipo yeye, juu ya hasira ya dakika chache.

Mwaka 2011 ekipe nzima iliondolewa katika kombe la mabingwa wa Afrika. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa imeshitaki kwamba muchezaji mumoja wa Mazembe hakuwa na haki ya kucheza. Mabingwa wa miaka miwili walitolewa na karatasi. Wenye Nguvu Zote nao wako chini ya sheria.

Na sisi wapenzi wa mupira? Nyuma ya kushindwa na Inter, watu wamoja mu Lubumbashi waliharibu na kuiba maduka ya Wachina, kwa sababu walimuwazia mwamuzi kuwa Muchina. Mwamuzi alikuwa Mujapani. Hata kama angekuwa Muchina, muuza sufuria wa Lubumbashi alikosa nini? Na tarehe 11 mei 2014, Kinshasa, kwenye mchezo wa Vita Club na Mazembe, fujo na kukanyagana viliua watu 15. Watu 15 walitoka nyumbani kuangalia mupira, hawakurudi. Mama zao hawakuuliza nani alishinda.

NGUZO MOJA, NA MABINTI

Lazima tuseme pia jambo lingine kwa haki. Nyumba ya Mazembe imesimama sana juu ya mutu mumoja. Toka 1997 musimamizi wake ni Moïse Katumbi, mufanya-biashara aliyepata mali katika kazi za machimbo, na aliyekuwa gavana wa Katanga kutoka 2007 mpaka 2015. Alitumia mali yake, na matunda yanaonekana. Lakini sisi watu wa machimbo tunajua: shimo lenye nguzo moja linaogopesha. Siku nguzo inachoka, wote walio ndani wanatazama juu. Basi ulizo linabaki kwa kila ekipe, kila shule na kila parokia: nyuma ya mutu huyu, nani atafagia?

Kuna jibu moja linalotia moyo. Mwaka 2012 kulianzishwa shule ya mupira ya watoto, Katumbi Football Academy, ambamo watoto wanafundishwa mupira pamoja na masomo. Ni kurudi kwenye mwanzo wa 1939, kwenye ekipe iliyozaliwa shuleni. Na miezi michache nyuma ya safari yetu, novemba 2024, habari ingine ikafika: wanawake wa Mazembe wamekuwa mabingwa wa Afrika, kwa kushinda AS FAR ya Maroko 1 kwa 0, tena kwenye inchi ya Maroko! Wababa ambao mungali munasema mupira si kazi ya binti, muwaambie wale. Kombe la mwisho la Afrika katika nyumba ya Mazembe lililetwa na mabinti.

NA SISI WA GOMA?

Tuliporudi, tulikuta kiwanja chetu cha Unité pahali pake, na watoto wakingojea mukutaniko wa jumamosi. Kiisha vita ikafika mujini. Mwisho wa januari 2025 M23 ilikamata Goma, na tarehe 6 februari kiwanja cha Unité kilijaa watu, lakini si juu ya mupira: ulikuwa mukutano wa wenye kushika muji. Kiwanja ni udongo na saruji tu. Wakubwa wanaweza kukiitia watu saa yoyote. Kile ambacho hakuna mutu anaweza kukamata ni ekipe iliyo ndani ya watoto wenyewe.

Kwa hiyo tunaleta mashauri machache, na hakuna hata moja linalohitaji tajiri.

Kwanza, andikeni. Kila ekipe ya kata iwe na daftari: majina ya wachezaji, tarehe, magoli, mwalimu. Wazee waliochezea Virunga na Kabasha zamani wangali hai kati yetu. Kijana mumoja aende na kalamu, aketi, asikilize. Mawe ya volkeno yalifunika nyumba na picha nyingi katika 2002. Vita inafunika zingine. Jina lililoandikwa katika daftari tatu za nyumba tatu halipotei upesi.

Pili, mufike saa. Mwalimu aliyesema saa tisa asifike saa kumi. Ekipe isiyo na saa haina mwaka.

Tatu, mupira na masomo vikae nyumba moja. Wazazi, musimukataze mutoto mupira. Mumukatalie tu kuacha shule juu yake. Kijana, katika mamia wanaocheza juu ya mawe yetu, labda mumoja atafika pahali Samatta alifika. Wale wengine wote watahitaji kusoma, kuhesabu na kufanya kazi. Na yule mumoja naye atahitaji kusoma karatasi mbele ya kuitia sahihi, asije akauzwa kama mufuko wa koltani.

Ine, mabinti wapewe saa yao ya kiwanja. Si mabaki ya saa ya wavulana: saa yao.

Kijana wetu wa Rubaya amekwisha kuanza. Katika julai ileile alinunua daftari la kurasa 96 kwenye soko la Virunga. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika majina 14 ya watoto wa kata yake, na kando ya kila jina darasa analosoma. Watoto watatu hawakuwa na darasa. Wawili kati yao walirudi shuleni septemba. Kwa yule wa tatu tungali tunazungumuza na baba yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika familia yetu, nani anajua habari za ekipe za zamani za kata ao kambi yetu? Nani atamuuliza na kuandika?

2. Muzee alisema: «Kama nyumba inaanguka, kombe utaliweka wapi?» Kwetu sisi, nyumba hiyo ni nini?

3. Mputu alikosa finali ya dunia juu ya hasira. Sisi hasira imetukosesha nini mwaka huu?

4. Machimbo yanatoa mali. Katika mali iliyotoka kwetu, ni kitu gani kimebaki juu ya watoto?